Daftari la Shule Ndogo: Anayehesabiwa, Anayefundisha na Anayeondoka Kimya

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanaharakati na waumini)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halionekani kutuhusu, yaani idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu na asili ya watoto katika shule moja ndogo ya msingi iliyoko mbali sana na hapa, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Baadhi yenu mtauliza, kwa haki kabisa, sisi tuna nini na shule ya Minnesota wakati shule zetu wenyewe zina matatizo ya kutosha. Swali hilo tulilijibu wenyewe siku Mzee mmoja wa kanisa letu alipotuletea bahasha. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya mwaka ya shule wanakosoma wajukuu wake wawili. Binti yake, ambaye ameishi Minneapolis kwa miaka mingi, aliipiga chapa na kumtumia babake kwa mkono wa jirani aliyekuwa akija nyumbani. Mzee akatuambia, “Ninyi mnaopenda kusoma makaratasi ya serikali, nisomeeni hili. Wajukuu wangu wakae hapo au waondoke?”

Tuliichukua ripoti ile tukidhani ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua wiki kadhaa. Jina la shule hatutalitaja, kwa kuwa haiko hapa kujitetea, na hesabu tutakazotoa juu ya bajeti ya shule ndogo ni za mfano tu. Lakini sheria tutakazozitaja ni sheria halisi, na miaka ni miaka halisi.

Kwanza tueleze ni shule ya aina gani. Waamerika wana shule za umma za kawaida zinazoendeshwa na wilaya za elimu, na wana shule za binafsi ambazo mzazi hulipia karo. Kati ya hizo mbili pana aina ya tatu, ambayo sisi tutaiita shule ya mkataba. Ni shule ya umma: haitozi karo, na hulipiwa kutokana na kodi za wananchi. Lakini haiendeshwi na wilaya. Huendeshwa na halmashauri yake yenyewe kwa mkataba wa miaka michache. Huko Minnesota mkataba huo hauzidi miaka mitano. Hutiwa saini pamoja na msimamizi aliyeidhinishwa na serikali ya jimbo, ambaye anaweza kuwa wilaya, chuo au shirika lisilo la faida. Shule ikishindwa kutimiza iliyoyaahidi, msimamizi anaweza kukataa kuuhuisha mkataba, na shule ikafungwa.

Wazo hili lilitangazwa hadharani mwaka 1988 na Albert Shanker, aliyekuwa rais wa mojawapo ya vyama vikubwa vya walimu nchini humo. Aliwaza kwamba walimu wenyewe wapewe ruhusa ya kuanzisha shule ndogo za kujaribia mbinu mpya. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, nayo iliruhusu shule nane tu. Shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992 kwa ajili ya vijana walioacha masomo. Kutoka shule nane zilizoruhusiwa na jimbo moja, mambo yalienea hata katika mwaka wa masomo wa 2021–22 zilikuwa zimefika shule zipatazo 7,800 na wanafunzi wapatao milioni 3.7, yaani kiasi cha asilimia 7 ya watoto wote wa shule za umma za Marekani. Shanker mwenyewe hakufurahia mwendo huo; miaka michache baada ya hotuba yake aligeuka akawa mkosoaji, alipoona kwamba wazo la walimu limechukuliwa na watu wengine kwa makusudi mengine.

Mwaka huo wa 1991 hatuwezi kuupita bila kusita kidogo. Kwetu ni mwaka ambao Bunge liliondoa kifungu cha 2A katika Katiba mwezi wa Desemba. Ni mwaka pia ambao serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na kambi za wakimbizi zikafunguliwa Dadaab, katika ardhi yetu. Hakuna aliyejua siku zile kwamba mambo hayo na sheria ile ya Minnesota yangekutana. Lakini jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani leo imo Minnesota, na wengi wao walipitia kambi za Kenya, wakasoma mtaala wa Kenya, wakajifunza Kiswahili chetu. Watoto na wajukuu wao wamo katika shule za mkataba za Minneapolis na St. Paul, pamoja na watoto wa Waoromo, wa Wakongo, na wa Wakenya kama binti wa Mzee wetu. Kwa hiyo tunaposoma daftari la shule ile, tunasoma majina ambayo mengine yaliwahi kuandikwa kwenye madaftari yetu.

Sasa tuingie katika ripoti yenyewe. Sheria ya Minnesota inaiagiza kila shule ya mkataba itoe ripoti ya mwaka kwa umma, na inataja waziwazi yale yanayotakiwa kuwamo. Miongoni mwao ni uandikishaji wa wanafunzi, idadi ya wanaoondoka, uongozi, walimu na wafanyakazi, fedha, na matokeo ya masomo. Hatukuamini mwanzoni. Tulizoea nchi ambayo kwa miaka mingi mzazi aliyeuliza fedha za shule zimekwenda wapi aliitwa mchochezi. Hapa sheria inamlazimisha mkuu wa shule kusema, kabla hajaulizwa.

Tuanze na uandikishaji, kwa sababu ndio mzizi wa mengine yote. Katika mpango huu fedha humfuata mtoto. Mtoto akihamia shule ya mkataba, fedha zake za serikali ya jimbo huhamia huko. Akiondoka, zinaondoka naye. Kiasi cha msingi kwa mtoto mmoja huko Minnesota kilikuwa dola 7,138 katika mwaka wa fedha wa 2024, kikapanda hadi dola 7,281 mwaka uliofuata. Pana nyongeza nyingine juu ya hicho, lakini hebu tuchukue dola 7,000 ili hesabu iwe rahisi kichwani.

Chukueni shule ya mfano yenye watoto 150, kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Hayo ni madarasa sita, kila darasa watoto 25 na mwalimu mmoja. Sasa kila darasa lipoteze mtoto mmoja tu. Huyu amehamia Ohio na wazazi wake. Yule mama yake amepata kazi ya usiku na basi la shule haliwafai tena. Wengine hivyo hivyo. Watoto sita. Shule imepoteza dola 42,000, kiasi kinachokaribia mshahara wa mwaka wa mwalimu anayeanza kazi. Je, kazi imepungua? Haikupungua hata kidogo. Madarasa bado ni sita, vyumba vinahitaji moto wakati wa baridi kali kama kawaida, basi linapita njia zile zile. Hakuna mwalimu hata mmoja unayeweza kumwambia kwamba darasa lake limekwisha. Shule ya wilaya yenye watoto 900 inaweza kuvumilia pengo kama hilo kwa kuunganisha madarasa. Shule ndogo haina cha kuunganisha.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwa nini shule hizi hufungwa. Wengi hudhani hufungwa kwa sababu watoto walishindwa mitihani. Zipo za namna hiyo. Lakini sababu inayojirudia mno ni fedha, na nyuma ya fedha pana viti vitupu.

Namna ya kuhesabu nayo si jambo dogo. Huko Michigan, sehemu kubwa ya fedha hutegemea watoto waliohesabiwa siku moja, Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Wanaharakati wenzetu, ninyi mliokesha vituoni mkilinda visanduku, mnajua vizuri kinachoweza kutendeka pale ambapo siku moja inaamua mambo ya mwaka mzima. Siku ile watoto huahidiwa sherehe ili wafike wote. Minnesota ilichagua njia iliyo bora zaidi kwa maoni yetu: huhesabu wastani wa uanachama wa kila siku kwa mwaka mzima. Lakini njia hiyo ina makali yake. Mtoto asipoonekana shuleni kwa siku 15 za masomo mfululizo, isipokuwa kama anafundishwa nyumbani au hospitalini, sheria inaagiza jina lake liondolewe daftarini. Hapo fedha zake husimama.

Siku kumi na tano. Fikirini maana yake kwa nyumba yenye hofu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe, kwamba hakuna mtoto anayeweza kunyimwa elimu ya umma kwa sababu hana hati za uhamiaji. Uamuzi huo ungali sheria. Hata hivyo mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kufanya misako mashuleni na makanisani. Mzazi anayeogopa hamwandikii mwalimu mkuu barua ya kueleza hofu yake. Anamweka mtoto nyumbani. Siku ya kumi na sita daftari halisemi kwamba mtoto anaogopa. Linasema kwamba mtoto hayupo, na bajeti inalisadiki daftari. Binti wa Mzee anazo hati zake, lakini mtoto anayekaa dawati moja na mjukuu wa Mzee huenda wazazi wake hawana, na mwalimu wao ni mmoja.

Tugeukie walimu. Hapa Kenya, mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu hulipwa na Tume. Watoto wakipungua katika shule yake anaweza kuhamishwa, lakini mshahara wake hautegemei kikapu cha shule ile. Katika shule ya mkataba mwajiri ni shule yenyewe, na mshahara hutoka katika kikapu kile kile kinachonunua vitabu. Ndiyo maana tunasema safu ya walimu haiwezi kusomwa peke yake. Walimu wakipungua, tazameni uandikishaji wa mwaka uliotangulia.

Minnesota inataka walimu wa shule hizi wawe na leseni ya ualimu kama wenzao wa wilaya. Si majimbo yote yanayotaka hivyo. Arizona, kwa mfano, haikuweka sharti hilo. Lakini hata Minnesota, mkuu wa shule ya mkataba halazimiki kuwa na leseni ya uongozi wa shule. Sifa zake hupangwa na halmashauri. Walimu wanaruhusiwa kuunda chama cha kuwatetea, ila kwa jumla nchini Marekani shule nyingi za aina hii hazina chama. Na kwa wastani walimu wao wana miaka michache kazini kuliko wenzao wa shule za wilaya. Jambo hili la mwisho limetukaa moyoni. Mwalimu kijana si mwalimu mbaya. Wengi wetu tulifundishwa na vijana waliotoka chuoni mwaka ule ule, nasi tukafaulu. Ubaya ni pale ambapo kila mwaka ni vijana wapya, kwa sababu wa mwaka jana wamekwisha kupata uzoefu na kuhamia wilayani kwenye mshahara mnono zaidi. Shule ya walimu sita ikipoteza watatu, watoto wanaporudi mwezi wa Septemba nusu ya milango ina sura ngeni. Mtoto aliyekwisha kupoteza nchi, lugha na rafiki anaongezewa msiba mdogo ambao hakuna safu inayouonyesha.

Sheria ya kwanza ya Minnesota ilifuata ndoto ya Shanker kwa kutaka walimu wawe wengi katika halmashauri ya shule. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2009. Linalobaki ni kwamba angalau mwalimu mmoja wa shule hiyo, mzazi mmoja na mwanajamii mmoja wawemo. Sisi tunaona hilo ni hasara. Hatusemi walimu ni malaika. Lakini anayejua kwamba mtoto wa tatu kutoka dirishani hasomi kwa sababu haoni ubao ni mwalimu, si mhasibu.

Sasa tufike mahali penye uzito, yaani watoto ni akina nani.

Ripoti ya shule ya Marekani huwagawa watoto kwa rangi na asili, kwa umaskini, kwa lugha na kwa ulemavu. Baadhi yetu tulichukizwa tulipoona watoto wakipangwa kwa rangi, tukakumbuka kipande na mambo ya ukoloni. Tulisahihishwa, na tunakubali kusahihishwa: pasipo safu hizo, jimbo lingeweza kuwasahau watoto fulani na hakuna ambaye angeweza kulithibitisha kosa hilo. Kinachotusumbua ni kwamba safu zenyewe ni pana mno. Kwa miaka mingi mtoto wa Kisomali aliyezaliwa Dadaab, mtoto wa Kiluo aliyezaliwa Kisumu, na mtoto ambaye mababu zake walipelekwa Virginia kwa minyororo, wote waliingizwa katika kisanduku kimoja cha weusi. Mmoja wao anahitaji mwalimu wa Kiingereza kwa wageni. Mwingine hakihitaji kabisa. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2016 ili makundi hayo yachambuliwe vizuri zaidi.

Umaskini nao hupimwa kwa chakula. Familia ambayo mapato yake hayazidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini watoto wake hula bure. Wanaofika hadi asilimia 185 hulipa kidogo. Idadi ya watoto hao ndiyo iliyokuwa kipimo cha umaskini wa shule, na nyongeza za fedha zikafuata. Kisha Minnesota ikafanya tendo jema: kuanzia mwaka wa masomo wa 2023–24 watoto wote wanakula bure shuleni, tajiri na maskini. Hakuna Mkristo wala Mwislamu atakayelalamika mtoto akilishwa. Lakini tazameni kilichofuata. Wazazi hawakuwa na sababu ya kujaza fomu tena, na shule ambayo fomu hazikujazwa ikaonekana katika hesabu kana kwamba watoto wake wametajirika ghafla. Ikabidi jimbo litegemee zaidi orodha nyingine, kama zile za familia zinazopata msaada wa matibabu. Walimu wakuu walibaki wakiwasihi akina mama: mtoto amekwisha kula, ndiyo, lakini tafadhali jaza fomu. Tukiwa na ndugu huko, hilo ni la kuwaandikia leo hii.

Juu ya ulemavu tuseme kwa ufupi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza jambo hilo na kutoa taarifa mwaka 2012. Ilikuta kwamba katika mwaka wa masomo wa 2009–10 watoto wenye ulemavu walikuwa kiasi cha asilimia 8 ya wanafunzi wa shule za mkataba, na asilimia 11 katika shule nyingine za umma. Zipo sababu za heri na zipo za shari. Shule inaweza kuwa ndogo kiasi cha kukosa mtaalamu, na mzazi akaona mwenyewe. Au mzazi anaweza kuambiwa kwa sauti ya upole, mlangoni, kwamba pengine mtoto wake atafaidika zaidi mahali pengine. Shule hizi hupaswa kumpokea yeyote anayeomba, na waombaji wakizidi nafasi hupiga bahati nasibu. Bahati nasibu hulinda mlango wa mbele. Mlango wa nyuma unalindwa na safu moja tu ya ripoti, ile ya wanaoondoka.

Nalo lile swali lililo gumu kuliko yote ni hili: shule nyingi za mkataba za Minneapolis na St. Paul zimejaa watoto wa asili moja. Ipo yenye Wahmong watupu au karibu, ipo ya Wasomali, ipo ya Waoromo. Nchi iliyopiga marufuku utengano wa rangi mashuleni mwaka 1954 inajiuliza kama haijaurudisha kwa mlango mwingine. Mwaka 2015 wazazi walilishtaki jimbo katika kesi iitwayo Cruz-Guzman, wakidai kwamba shule zilizotengana zinawanyima watoto elimu ya kutosha inayoahidiwa na Katiba ya Minnesota. Wazazi wengine, pamoja na shule za mkataba, waliingia katika kesi hiyo upande wa pili kuzitetea shule zao. Mwezi wa Desemba 2023 Mahakama Kuu ya jimbo ilisema kwamba kutolingana kwa rangi peke yake hakuvunji Katiba. Walalamikaji sharti waonyeshe kwamba hali hiyo imechangia kwa kiasi kikubwa kuifanya elimu isitoshe.

Tulibishana sana juu ya jambo hili, na hatukukubaliana sote. Wenzetu wengine walisema: mama aliyetoka Dadaab akichagua shule ambayo mpishi anajua halali ni nini na karani anaweza kumjibu kwa lugha yake, hakutengwa na mtu, amechagua, na kuchagua ndiko tulikokupigania. Wengine wakajibu: mtoto atakayeishi na kufanya kazi Minnesota hawezi kufika miaka kumi na moja bila kumjua mtoto wa jirani. Sisi tunaozungumza tunaona kwamba swali la rangi halijibiki bila kurudi kwenye safu ya walimu. Shule ambayo watoto tisa kati ya kumi hawazungumzi Kiingereza nyumbani inaweza kuwa kimbilio jema. Inakuwa ghala la kuhifadhia watoto pale ambapo, kwa watoto hao wote, ina mwalimu mmoja tu wa Kiingereza kwa wageni, naye anashughulikia pia mabasi. Safu ya watoto ndiyo inayotuambia ni walimu gani wanaotakiwa wawepo. Safu ya walimu inatuambia kama wapo.

Tumeulizwa na waumini kama kanisa linaweza kuendesha shule ya namna hii. Jibu kwa sasa ni hapana. Jimboni Oklahoma, wakuu wa Kikatoliki walipewa mkataba mwaka 2023 wa kufungua shule ya kidini, St. Isidore of Seville. Mahakama Kuu ya Oklahoma iliubatilisha mwaka 2024, na tarehe 22 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika majaji wanne kwa wanne, hivyo uamuzi wa jimbo ukasimama. Lakini makanisa yanazihusu shule hizi kwa njia nyingine: nyingi hupanga majengo ya makanisa. Shule ya mkataba haina uwezo wa kutoza kodi ya ardhi ili ijenge. Minnesota huisaidia kulipa pango, asilimia 90 ya gharama au dola 1,314 kwa kila mtoto, lolote lililo dogo. Kwa shule yetu ya mfano ya watoto 150 hizo ni dola 197,100 kwa mwaka, nazo pia hupungua kila mtoto anapoondoka. Mwenye nyumba anaweza kuwa parokia, na parokia nayo ina paa linalovuja. Mwezi wa shida ukifika, kanisa litasimama upande gani wa mkataba wa pango? Hilo tunawaachia waumini walitafakari bila sisi.

Sasa tumrudie Mzee. Hatukumwambia wajukuu wakae wala waondoke. Tulimwambia kwamba ripoti ile imeandikwa kwa usafi, kwamba idadi ya walioandikishwa imetajwa, na kwamba walimu wametajwa pamoja na leseni zao. Mahali pa kutajia wanaoondoka tulikuta sentensi moja tu, kwamba familia nyingi zinaendelea kuipenda shule. Hakuna tarakimu hata moja hapo. Hapakuwa na idadi ya walimu waliorudi wala idadi ya watoto walioanza Septemba na kuwapo bado mwezi wa Juni.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo wameniambia walioingia arusini, hawakuniambia waliotoka kabla ya chakula.” Tukamjibu kwamba ndivyo.

Mikutano ya halmashauri za shule hizi Minnesota iko wazi kwa umma kwa mujibu wa sheria, na mzazi anaweza kuingia na kusikiliza. Mzee alimpigia binti yake simu usiku ule ule, tukiwa tumeketi naye, akamsomea maswali matatu polepole ili ayaandike: wangapi walianza na wangapi walimaliza, walimu wangapi wamerudi, na watoto wanaojifunza Kiingereza wana walimu wangapi wenye leseni ya kazi hiyo. Binti alihudhuria kikao akiwa amevaa sare ya hospitali, kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja. Aliyauliza yote matatu. Juu ya swali la pili alijibiwa papo hapo, na jibu lilikuwa jema: walimu wote isipokuwa mmoja wamerudi. Juu ya swali la tatu alionyeshwa jina na leseni. Juu ya swali la kwanza aliambiwa kwamba idadi itatolewa katika kikao kijacho, na mwenyekiti akaagiza liandikwe katika kumbukumbu.

Kikao hicho ni mwezi ujao. Mzee ameiweka ripoti ndani ya Biblia yake, penye ukurasa wa wanaoondoka.